Kama Kushika Mkia wa Ng'ombe ni Kuvuka Maji

CHAMA CHA MASKAUTI WA HESHIMA, BARAKA
Kumbukumbu za kikao cha Jumamosi, tarehe 16 Juni 1956, darasa la tano

Waliokuwepo: Mwalimu Isidore (Mwenyekiti), Nicolas, Bonaventure, Casimir (Katibu).
Asiyekuwepo: Placide. Yuko Kazimia kwa biashara ya samaki. Hakuaga, na hii ni mara ya tatu.
Mwalikwa: Gisaro, skauti anayeomba kuingia. Baba yake, mzee Sebatware, alikuwa nje na ng'ombe wake.

KUMB. NA. 1/56: KUFUNGUA
Kikao kilifunguliwa saa tatu na nusu badala ya saa tatu. Ufunguo wa darasa ulikuwa mfukoni mwa Mwenyekiti, naye aliutafuta kwa wengine wote kwanza.

KUMB. NA. 2/56: OMBI LA GISARO
Mwenyekiti alieleza kwamba Gisaro ametimiza kanuni zote isipokuwa ya tatu, inayobishaniwa: "Awe amevuka mto Mutambala bila mtumbwi." Asipopita leo atangoja mwaka mzima, na baba yake ametembea siku mbili kutoka milimani ili amwone akivaa fulari, kitambaa cha shingoni cha chama.

Gisaro alikiri kwamba hajui kuogelea. Mutambala ameuvuka mara saba, akishika mkia wa ng'ombe.

Nicolas alipinga. Alisema: "Ngombe ndiye alivuka. Huyu alifwata tu. Basi tuandike ngombe mu chama."

Wajumbe walicheka, Gisaro hakucheka. Katibu aliona uchungu, kwa kuwa kanuni hiyo aliiandika yeye. Kwetu ziwani, kuvuka bila mtumbwi ni kuogelea. Haikumjia akilini kwamba kuna watu wenye njia nyingine. Bonaventure aliuliza kama hasira ya Nicolas inatokana na mashindano ya kuwasha moto, ambayo Gisaro alishinda. Nicolas alijibu kwamba kuni zake zilikuwa mbichi. Mwenyekiti aliagiza habari ya kuni isiandikwe.

Gisaro aliomba kusema neno moja: "Mukia haikuvute bure, kaka. Kama haupige miguu, ngombe anachoka, anageuka. Mi nilipiga miguu mara saba."

Nicolas alisema hayo ni maneno, na kwamba hata mtoto mchanga angevushwa. Bonaventure alipendekeza ajaribu mwenyewe, maana mwenye ng'ombe yuko mlangoni. Nicolas alikubali haraka kuliko ilivyofaa.

KUMB. NA. 3/56: KIKAO KUHAMIA MTONI
Mzee Sebatware alitoa ng'ombe jike mwenye madoa, aliye mpole. Nicolas alishika mkia, akaingia majini amenyoosha miguu kama mtu aliyelala kitandani. Walipofika katikati ng'ombe alisimama, akageuza kichwa akamtazama Nicolas kwa muda, kisha akamrudisha ng'ambo hii hii aliyotoka. Alijaribu mara ya pili, akarudishwa tena.

Ndipo Gisaro aliposhika mkia. Miguu yake ilirusha maji hadi kwenye daftari hili, na wajumbe wamsamehe Katibu kwa wino uliotawanyika. Walivuka na kurudi bila ng'ombe kugeuza kichwa hata mara moja.

KUMB. NA. 4/56: UAMUZI
Mwenyekiti aliitisha kura. Wa kwanza kuinua mkono alikuwa Nicolas, maji yakimtiririka hadi kwapani. Alisema: "Ngombe amekata maneno. Mi sina tena la kusema."

Gisaro alikubaliwa kwa kura zote. Kanuni ya tatu sasa inasomeka: "Awe amevuka Mutambala kwa kuogelea, au kwa mkia wa ng'ombe, mradi ng'ombe asimrudishe."

Fulari mpya hazijafika kutoka Bukavu. Nicolas alivua yake, akaikamua, akamfunga Gisaro shingoni kwa mkono wake mwenyewe. Katibu anakiri kwamba hapo aliacha kuandika kidogo.

Mzee Sebatware aliuliza kama ng'ombe naye hapewi fulari. Mwenyekiti alijibu kwamba chama ni cha vijana, na huyu ameshazaa mara nne. Mzee alikubali kwamba hiyo ni haki.

KUMB. NA. 5/56: KUFUNGA
Kikao kilifungwa ukingoni mwa mto saa sita kasoro robo, kwa sababu Nicolas alikuwa anatetemeka.

Isidore, Mwenyekiti (saini)
Casimir, Katibu (saini, doa ni la maji ya Mutambala)