Mlango Unaotazamana na Wangu

Mdoe, miaka minne! Sechonge kamuua mke wangu kwa jembe, kapewa miaka minne!

Jaji kasema bangi ilimpandisha wazimu, akamwona Zamda ni fisi, hakukusudia. Fisi, Mdoe! Zamda aliyekuwa akimpa uji!

Mwenyekiti wa kijiji akamtetea: "Ni mchapakazi wa shamba la ujamaa." Bangi kaivutia wapi, kama si humo humo shambani, mwenyekiti akimwona?

Nje ya mahakama nikamwambia basi anihamishe, mlango wa Sechonge unatazamana na wangu. Kanijibu, "Mzee, nyumba zimepangwa mstari. Akitoka atarudi kwake."

Miaka minne, halafu anarudi kwake!

Nang'oa mlango leo, narudi mahameni kwetu. Mara ya kwanza walituhamisha kutoka huko kwa lori. Safari hii waje na sanda.