Kwa Mama ni Wapi

Jumanne, 7 Oktoba 1997

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Bwana mmoja wa ofisini Mbinga amefika hapa Kihagara na pikipiki kumwambia mama yangu kwamba ni mgeni. Mgeni! Aliolewa hapa kabla ya Uhuru. Ametuzaa wote hapa. Baba tumemzika pale nyuma ya mihogo. Ati Bunge linatunga sheria: aliyezaliwa ng'ambo ya ziwa akate kibali au arudi kwao. Kwao Likoma, kisiwa cha Malawi ambako nusu ya watu wa huku wana bibi na wajomba! Sukari ya Malawi imejaa madukani, soko huria, hakuna anayeiuliza ilizaliwa wapi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mzee Cuthbert, mwenyekiti wetu wa kijiji, ameleta habari. Kamati ya wabunge itakaa Mbinga mjini Jumatano, isikilize maoni ya wananchi kabla sheria haijapita. Kwa nini Mbinga? Kule juu kwenye kahawa nani ana shemeji ng'ambo? Ati barabara yetu haifai kwa gari la waheshimiwa. Basi tupande sisi.

Mama hana hasira hata kidogo, na hilo nalo linanikasirisha. Anasema wabunge nao ni watoto wa watu, wakielezwa wataelewa. Ameniomba nimpigie pasi gauni jeupe la umoja wa kina mama kanisani.

Jumatano, 15 Oktoba

Tumepanda na lori la dagaa. Baridi! Gauni la mama lilifika linanuka samaki.

Karani alitaka kila msemaji ajitambulishe kwanza: jina, na wa wapi. Sasa kwetu, mbele ya wakubwa, unataja kwa mama yako, alikotoka yeye, si ulikozaliwa wewe. Ndiyo adabu, asiyetaja kwa mama ni kama mtoto wa kuokotwa. Mzee Cuthbert akasimama: wa Chizumulu, kisiwa kingine cha Malawi. Katarina mwenye boti: wa Kobwe, Msumbiji. Mama, kwa sauti yake ya kanisani: "Tadea, wa Likoma." Karani anaandika tu, anaandika.

Halafu mheshimiwa mwenyekiti wa kamati akavua miwani. Akasema kikao ni cha raia, maoni ya wageni hayapokelewi. Ukumbi ukacheka. Mzee Cuthbert, mwenye kadi ya chama tangu TANU, mgeni! Mkulima mmoja wa Mbuji, huko huko juu kwenye kahawa, Isidori, alisimama kutuombea, kwamba anakula samaki wetu tangu utoto. Akaambiwa akae.

Nikabaki mimi. Nikataja jina, na kazi yangu, ualimu.

"Na wewe, mwalimu, wa wapi?"

Mama alikuwa ubavuni kwangu. Niliwaza kazi yangu. Nikasema, "Kihagara."

Nikaruhusiwa. Na nilisema vizuri, Mungu anisamehe! Niliwatetea "hao wenzetu wa ng'ambo". Hao! Mheshimiwa akanishukuru, akasema wananchi kama mimi ndio wanaolisaidia Bunge. Nikapigiwa makofi. Nilipokaa, mama alikuwa amesogeza kiti chake mbali na changu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimewachapa darasa zima. Hawakuwa na kosa.

Jumapili, 19 Oktoba

Tangu lori lile mama hanisemeshi. Shikamoo anaitikia, basi. Nimemweleza kwamba nilidanganya ili angalau mmoja wetu asikike. Aliendelea kuchambua mchele.

Leo baada ya ibada amefunga mkeka na sufuria mbili. Boti la Katarina linavuka kwenda Likoma. Anakwenda kusalimia kwao, anasema. Nimemwambia sheria bado haijapita, hakuna wa kumfukuza. Wabunge wale laana iwashukie! Nimewatukana pale pale uani, mchana kweupe, majirani wanasikia. Mama alinisubiri nimalize.

"Wale hawanijui," akasema. "Wewe ulikuwa unanijua, mwalimu."

Mwalimu! Hajawahi kuniita hivyo.

Nimemuuliza atarudi lini. Katarina anaita kutoka ufukoni, watu wameshapanda. Mkeka uko mlangoni — nimeukalia, siuachii — na yeye amerudi ndani. Namsikia anaburuta kigoda ukutani. Anashusha picha ya baba, aende nayo.