Mkono Wako Haukurogwa

Mke wa Ouma,

Funga mdomo wako kabla hujanipotezea jirani. Ouma alifika hapa Nyeri jana kuniona, akaniambia unazunguka mtaa wetu wa Obunga ukisema Mama Pendo, yule muuza ndizi, alichungulia karai lako akakuroga, ndiyo maana mkono wa kulia unakufa ganzi na kichwa kinavuma. Nilikupigia simu, ukasema mtandao mbaya, ukakata. Karatasi haikatwi. Ouma anakuletea mwenyewe. Keti usome.

Sasa nakusalimu. Hujambo, mwanangu? Wajukuu wangu wanakula? Mimi nipo, miguu imevimba kidogo, mdomo uko mzima. Nimeandika Kiswahili kwa sababu Kidholuo chako chenye lafudhi ya kwenu Bunyore kitanikasirisha hata kikisomwa kimyakimya.

Huku kwa wifi yako Atieno ni baridi, na ni safi mpaka unachoka. Anapikia gesi. Samaki wanaletwa wagumu kama mawe, na watu wazima wanaogopa mifupa. Nakaa dirishani nawaza upepo wa ziwa ukigeuka mchana, na sisi wanawake na mabeseni yetu pale mlango wa kiwanda cha samaki, tukisukumana kupata mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta yenye kichwa na mkia inayobaki minofu ikishaenda ng'ambo. Tulikaanga, tukapeleka soko la Otonglo, hakuna kilichorudi nyumbani.

Hicho kibanda unachokaangia kilikuwa changu na Akoth, mke mwenzangu. Mzee alitununulia karai moja tu. Sijui alitaka tupatane au tuuane. Tulianza kwa kupeana mgongo, tukaishia kuchekana. Upepo ulikuwa unapoza mafuta na kumaliza kuni, kwa hivyo tuliziba kila tundu la mabati kwa magunia na matambara. Kuni zikiwa mbichi tuliwashia kipande cha tairi. Moshi ulitanda mpaka nikawa namsikia Akoth bila kumwona. Ananiita, "Mke mwenzangu, kama umekufa sema, nirithi karai." Kanisani tulinuka mafuta na moshi na bado tulikaa mbele. Mwanamke asiyenuka tulimwona mvivu. Hiyo harufu, mwanangu, hata leo nikiipata nitalia.

Siku moja mwiko ulimponyoka Akoth mkononi. Akacheka, akauokota kwa mkono wa kushoto. Halafu mdomo ukaenda upande, akasema neno ambalo sikulielewa, akakaa chini. Hakufika Jumapili. Mazishini ndugu zake walikataa chakula nilichopika. Walikaa pale na njaa yao, wakanitazama, wakasema mke mwenza ametia kitu kwenye mafuta. Nilibeba sufuria zikiwa zimejaa nikarudi nazo jikoni. Tangu hapo kuna nyumba ambamo sikunywa hata maji.

Sasa sikia. Hapa Atieno alinipeleka hospitali kwa ajili ya moyo huu unaokimbia bila kufukuzwa. Muuguzi, msichana mdogo, akaniuliza nimevuta sigara miaka mingapi. Nikamwambia ashike adabu, mimi ni mtu wa kanisa. Akaomba radhi, akauliza tena polepole: basi umekaa kwenye moshi gani? Nikamweleza kibanda, magunia, tairi. Akaacha kuandika. Akaniambia moshi wa miaka hauishii kifuani. Uchafu wake mdogo unaingia kwenye damu, unaharibu mishipa, moyo unachoka, na mshipa wa kichwa ukiziba au ukipasuka, hicho ndicho kiharusi. Nikamuuliza kuhusu Akoth. Hakunidanganya. Alisema hakumwona, huenda na presha ilikuwepo, huenda na chumvi. "Lakini Bibi," akasema, "huo moshi haukumwacha salama."

Nilirudi nyumbani. Nilimkumbuka Akoth akicheka ndani ya lile giza, na tukivuta pumzi hiyo sote wawili, yeye na mimi. Na wewe unavuta hiyo hiyo, na mtoto mgongoni.

Kwa hivyo Mama Pendo mwache. Mimi najua jina la mchawi lina uzito gani, sitaki mwanamke mwingine alibebe kwa sababu ya kibanda changu. Ouma abomoe ukuta wa upande wa ziwa, upepo upite, mafuta yapoe yakitaka kupoa. Tairi lisiingie tena motoni. Mtoto akae nje na dada yake.

Nisalimie shemeji yangu mzee wa Ahero, mwambie bado namdai kicheko. Nisalimie mama wa kwaya, na mjukuu wangu mkubwa anayejifanya hapendi uji. Ni mimi mama mkwe wako, Min Ouma, ninayekupenda hata nikifoka.

Huo mkono uliokufa ganzi hausubiri siku ya soko. Simama sasa hivi, uende na Ouma hospitali upimwe presha, uwaambie mkono ulianza lini. Usimalizie hata karai lililo motoni. Mifupa ikiungua, iungue. Nenda.