Moyo ya Kupiga Polepole

Lubumbashi, 9 Februari 1976

Baba mupendwa,

Jambo sana. Uko muzima? Bibi yako Mama Wivine na batoto benu ba kule? Huku Lubumbashi, mu commune yetu ya Kenya, mama na mimi tuko bazima.

Banichagua mu équipe ya basket ya masomo. Lakini bila certificat ya munganga, hakuna kucheza. Ku lopitali ya kampuni yenu banasema batoto ba bafanyakazi banapimwa bure, ila baba mwenyewe afike na carte yake. Mama anasema niache basket. Sitaki. Na tangu ulihamia Kolwezi, hatujaonana.

Mutoto yako, Mutale

Kolwezi, 1 Marsi

Mutale mwanangu,

Salamu nyingi. Tuko bazima, ila kifua inanisumbua kidogo. Ku kazi banipa congé ya siku moja. Nitafika na treni ya siku ya tano, 12 Marsi, tukutane ku lopitali. Mama yako asinipikie.

Baba yako

Lubumbashi, 22 Marsi

Baba,

Ulifika muzuri? Kifua iko aje?

Minakumbuka munganga akisikiliza moyo yangu, akauliza: «Nani mu jamaa yenu iko na moyo ya kupiga polepole hivi?» Mimi nikasema sijui. Wewe ukasema: «Ni mimi.» Uliangalia chini. Akasema ni moyo muzuri kwa muntu wa mbio, akapiga cachet ku certificat.

Sikukuambia: nilikuwa naomba akute kitu kidogo, tupate kurudi kesho yake.

Mwaka kesho banapima tena. Utakuja?

Mutoto yako, Mutale

Kolwezi, 30 Aprili

Mwanangu,

Jambo. Afya iko sawa sasa. Niliuliza ku bureau: ukifikisha myaka kumi na munane, carte yangu haitakuhesabu tena. Utaifikisha mu mwezi wa kumi. Mwaka kesho nitakutumia feza ya munganga.

Baba yako

Lubumbashi, 9 Mei

Baba,

Tuko bazima. Feza, usitume. Mechi kubwa iko siku ya Mungu, 13 Juni, saa ya kumi. Ku mulango habaombe carte. Ukuje tu.

Mutale

Kolwezi, 20 Juni

Mwanangu,

Natumaini uko muzima. Treni iliharibika njiani, nikafika mechi imeisha. Nilikuona unatoka na benzako, unacheka. Mara ya mbele nilikuja sababu ya lopitali. Safari hii sikuwa na kitu ya kusema nimekuja sababu yake. Nikashindwa kukuita.

Baba yako

Lubumbashi, 28 Juni

Baba,

Tuko bazima, na tulishinda. Mu Oktoba tunaanza tena, nitakuandikia siku. Utaita jina yangu tu. Nitageuka.

Mutoto yako, Mutale