Nyimbo Mbili za Mbalamwezi

Mpendwa Shangazi Zuwena,

Sauti niliyobaki nayo si ya piano. Ni ya pumzi: pumzi za wanawake sita zikivutwa kwa pamoja nyuma ya mgongo wangu, sebuleni kwetu Ruwi, hapa Maskati, mara tu nilipotaja jina la muziki niliotaka kukupigia. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilidhani jina peke yake limewashangaza, wewe na wenzako. Nikanyoosha mgongo, nikaanza.

Piano ile uliitaka wewe. Uliikuta kwenye bohari moja kule mtaa wa Ghala, imeachwa na watu waliohama, ukawasimamia vijana wanne wakiipandisha ngazi huku ukiwasomea dua ya safari. Baba alisimama mlangoni akavitazama vibonye vyake, akasema, "Dada, umetuletea kabati lenye meno." Ukamwambia kabati hilo litakuja kusema maneno ambayo yeye hajawahi kuyasema. Ukaitandikia kitambaa cheupe, ukaweka chetezo juu yake, na kwa wiki nzima wageni wakawa wanatua vikombe vya kahawa pale.

Uliniomba kitu mara moja tu. Tulikuwa jikoni, wewe unachambua mchele, mimi najifanya nasaidia. Ulisema unataka wenzako wa Bujumbura, walio hapa mjini sasa, waje, wale mliosoma pamoja kwa masista, na siku hiyo niwapigie ule wa mbalamwezi, wa Kifaransa. Nilikuuliza kama ni mgumu. Ulicheka ukasema kwako wewe ulikuwa mwepesi.

Nilitafuta kwenye simu. Wa kwanza kutokea ulikuwa muziki wa piano wenye kurasa nyingi na alama nyeusi zilizosongamana kama sisimizi. Sikujua kwamba Wafaransa wana mbalamwezi mbili: huo wa piano, ulioandikwa kwa ajili ya watu waliofundishwa miaka mingi, na wimbo mdogo wa zamani unaoimbwa na watoto. Majina yake yanakaribiana kiasi kwamba hata wauzaji wa karatasi za muziki huzichanganya. Sikujua, na sikuuliza. Uliposema kwako ulikuwa mwepesi, nilijivunia shangazi yangu, nikaamini ulikuwa na kipaji ulichokificha.

Mwalimu wangu alisema bado sijaufikia. Nikang'ang'ania. Miezi minane piano niliipiga kwake tu, na nyumbani nikajifungia chumbani na kinanda cha umeme na visikilizio masikioni, ili usisikie hata sauti moja kabla ya siku yenyewe. Ulikuwa ukipita mlangoni unaona vidole vinakwenda na hakuna kinachosikika. Siku moja ulinambia, "Unapika bila ya moto, mwanangu."

Siku yenyewe walikuja watano, pamoja nawe sita. Nakumbuka halua, nakumbuka Bi Salma akiwatania wenzake kwamba sauti zao zimekuwa za milango isiyotiwa mafuta. Sikujiuliza kwa nini wazungumzie sauti zao. Nikakaa, nikataja jina, nikasikia ile pumzi, nikapiga. Nikamaliza. Kisha ukasema, taratibu, "Tena."

Nikarudia. Na baada ya hapo kila Ijumaa, chakula kikishaondolewa, ulikaa kwenye kiti karibu na dirisha ukaniambia nikupigie wangu. Hivyo ndivyo ulivyouita, wangu, na mimi nikaona ni mapenzi. Miaka saba uliusikiliza ukiwa umefumba macho. Uliujua, hata nikiruka mahali ulinyanyua unyusi mmoja. Kuna pale katikati ambapo mkono wa kushoto unaanza kupanda kidogokidogo. Muziki ukifika hapo ulikuwa ukiacha kuhesabu tasbihi. Sijapata kuona mtu akisikiliza namna ile, si darasani, si ukumbini.

Ulitutoka mwaka jana. Mwaka huu nimealikwa kupiga mbele ya watu, na nikachagua muziki huo huo. Kwenye karatasi watakayopewa wageni niliomba chini ya jina lake paandikwe: Muziki aliouomba marehemu shangazi yangu. Kisha nikampigia simu Bi Salma kumwalika, nikamwambia nitapiga ule wa mbalamwezi.

"Upi? Wetu au wako?"

Nilimuuliza wao ni upi. Akasema, "Basi Zuwena hakukwambia mpaka mwisho. Njoo nyumbani."

Nilikwenda kwake Mawaleh siku hiyo hiyo, alasiri. Alinikalisha, akanimiminia kahawa, akaimba. Sauti yake imepasuka, lakini wimbo haukudai zaidi ya hapo: sauti chache zinazokaa jirani, zinapanda hatua mbili, zinarudi nyumbani. Mtoto wa miaka mitano angeucheza kwa kidole kimoja. Alinieleza kwamba mliimba mkirudi kutoka shuleni, mmeshikana mikono, upande wa ziwa. Kisha jamaa zenu zikahama, kila moja kwa njia yake na mwaka wake, na mlipokutana tena Maskati mlikuwa watu wazima. Mlionana harusini na misibani, lakini kuimba mliona haya. Hamkuwa na mtu wa kukuanzishieni. Ndiyo ukanunua piano. Ndiyo ukaniomba mimi.

"Sisi tushavuta pumzi tuimbe," alisema. "Mara tunasikia maji yanamwagika. Nani wa kuimba pale?" Akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, na mimi sikuweza kucheka.

Alisema mmoja wenu alitaka kunisimamisha, wewe ukanyanyua kiganja. Na wakati wa kuondoka, wakivaa viatu, walikulaumu. Kwa nini hukuniambia ni wimbo wenu? Nilimuomba Bi Salma anikumbushe maneno yako kama ulivyoyasema, akanitazama kabla ya kuyatoa.

"Alisema: Wetu naujua. Huu siujui. Nna hamu ya kuujua. Na mtoto asiambiwe."

Hawakuniambia. Wawili walifariki kabla yako, na hamkupata tena kukaa sita chumba kimoja. Hilo nililichukua mimi kwenu, kwa haraka yangu na kwa kiburi changu cha kutouliza, na sitajidanganya kwamba lilikuwa dogo. Nilirudi Ruwi nikakaa kwenye kiti chako cha dirishani. Nilitaka kulia kwa aibu, lakini kilichonijia kilikuwa kikubwa kuliko aibu, na mpaka leo sina jina lake. Siku ile umri wako ulikuwa umepita miaka sabini. Uliomba kitu unachokijua, ukapewa usichokijua, na kabla ya sauti ya pili hujaisikia ulishakikaribisha. Mimi nimesoma, Shangazi, nimefika vyuoni, na kila kigeni nilichokutana nacho nilikipima kwanza kama kinanifaa. Wewe ulikifanya mgeni, ukakipa kiti, na kwa miaka saba ukakiuliza habari zake kila Ijumaa.

Nilifikiri kuufuta muziki wangu na kupiga wimbo wenu mahali pake. Bi Salma amenifundisha wote, nimeshaujua. Lakini ukipigwa na mtu mmoja, peke yake, mbele ya watu wasiojua njia ile ya kando ya ziwa, utakuwa wa nani? Bi Salma naye alisema wimbo ule una midomo yake, nisiupeleke ukumbini. Nimemwachia. Jumanne huwa nakwenda kwake, nakaa chini, tunauimba sisi wawili, bila ya piano.

Na ule wangu nitaupiga. Ila yale maneno yalikuwa uongo. Nilimpigia simu bibi anayetengeneza karatasi za wageni, nikamuomba ayabadilishe. Aliuliza mara mbili kama nina hakika, watu wasije wakadhani ni kosa la chapa. Nikamwambia aandike hivyo hivyo. Zimetoka jana, ninayo moja hapa mezani ninapokuandikia. Chini ya jina la muziki panasomeka: Kwa shangazi yangu Zuwena, ambaye hakuuomba.

Nakuaga kwa hilo, Shangazi, na kwa kila Ijumaa uliyonipa.

Binti wa kaka yako