Mkono Nyuma ya Magunia

Mayu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, na kusema kweli mimi sitaona tofauti kubwa, maana hata ulipokuwa hai uliniitikia ukiwa umegeukia ukuta wa jiko. Miaka sita nimemwoa mwanao Kabula, na maneno yetu yote ni haya: "Umeamkaje, baba." "Salama, mayu." "Mvua huko kwenu imenyesha?" "Imenyesha." Barua hii haijafika hata katikati ya ukurasa na tayari nimekusemesha kuliko miaka yote hiyo.

Kwetu Bukiriro mama mkwe anaheshimiwa, lakini anaangaliwa. Kwenu Wasukuma, mnaomwita mama mayu, nilikuta haangaliwi usoni, na yeye haingii ndani kwa mume wa mwanae, hali kwake wala halali kwake. Nikafuata. Ndiyo maana nilichokijua kwako ni miguu na mikono. Mkono wa kulia ulikuwa na kidole cha shahada kilichoishia kwenye kiungo cha katikati. Kabula aliniambia kilikatwa na panga ukiwa msichana, mkikata nyasi za kuezekea.

Uso wako niliuona vizuri ukiwa kwenye jeneza. Nilikuwa nimesimama nyuma, macho chini kama kawaida, baba mkwe akanishika bega akasema, "Mwangalie mama yako, hakuna tena wa kumwonea haya." Nikaangalia. Una kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Miaka sita, mayu, na sikujua una kovu.

Bado sijakaa sawa. Wiki iliyopita nilikuwa gulioni Mugoma napima maharage ya mtu, nikaweka jiwe kwenye mizani, nikalitoa, nikaliweka tena, mpaka mama wa watu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi.

Nianzie kwenye nyumba, maana ndiyo iliyonifikisha hapa.

Unakumbuka tulivyoinunua, hapa Murusagamba, ng'ambo ya kijito kutoka kwenu. Mzee aliyekuwa mwenye nyumba alikuwa anahamia Biharamulo kwa mwanae. Mwenyekiti wa kitongoji aliandika karatasi, tukatia sahihi juu ya kiti cha pikipiki yangu kwa kuwa ndani hakukuwa na meza. Ilikuwa nyumba yetu ya kwanza, mimi na Kabula, baada ya kupanga chumba miaka yote. Matofali mabichi, sakafu ya udongo, na bati lenye matundu hata mchana kweupe tulikuwa na nyota sakafuni. Bati tuliliziba. Shida ilikuwa ukuta wa magharibi, upande unaopigwa na mvua. Haukuwa umesiribwa, na matofali yalikuwa yameanza kuliwa kama mkate. Kila mtu alituambia ukuta ule ukipita masika uko wazi, nyumba inakaa chini.

Mimi sikwenda chuo cha ufundi, lakini nina simu. Niliangalia video ya mtu anapiga lipu huko nchi za mbali, mtu safi, ana glavu. Nikanunua saruji, nikachanganya, nikapiga kipande cha ukuta Jumapili nzima, na Jumatatu nikaondoka kuzunguka vijijini kununua maharage kama kawaida yangu, siku nne njiani. Niliporudi ukuta ulikuwa laini, umetulia, hauna ufa. Rangi ilikuwa imegeuka kidogo. Nikaugusa, nikajisifu.

Wiki iliyofuata nikapiga kipande kingine, nikaondoka, nikarudi, nikajisifu tena. Baadaye nikahamia vyumba vya ndani, mambo yakawa yale yale. Jirani yetu Baba Yustina aliniuliza kwa nini saruji yangu inaelekea wekundu. Nikamweleza, mbele ya watu, kwamba saruji ikikutana na tofali bichi huvuta rangi ya udongo, ni mambo ya kemia. Akaniuliza tena taratibu, "Kemia, eti?" Nikasema kemia. Akacheka mpaka akakaa chini. Nikaona ni mtu asiyesoma.

Mimi ambaye najua pikipiki ya nani imepita kwa kusikia mlio tu.

Na siku ile nilipokuja kwenu, nikamsimulia baba mkwe kuhusu ukuta wangu kuanzia mchanga hadi mwiko, wewe ulikuwa jikoni. Nilikusikia unakohoa. Ulikohoa sana. Nikamwambia Kabula tukiwa njiani kwamba lile jiko la mama linahitaji dirisha, moshi utamuua.

Halafu ile Jumanne. Nilipigiwa simu nikiwa barabarani. Wakasema mama ameanguka, nikauliza ameanguka wapi, wakasema kwenye kichuguu kile cha karibu na kijito, ana jembe na ndoo. Ulikuwa umeshaondoka. Daktari alisema ni moyo, kwamba ungeweza kukuchukua hata umekaa kwenye mkeka. Nashika neno hilo kila siku, nalibana kwa mikono miwili.

Lakini msibani mimi nilifungua mdomo. Ulikuwa wakati wa palizi ya maharage, si wa kuchimba udongo, na mimi mtu wa kutaka kujua kila kitu nikauliza kwa sauti, "Lakini mama alikuwa anafuata nini kichuguuni wakati huu?" Baba mkwe aliangalia mikono yake. Kabula akaniangalia mimi, na tangu siku ile akawa ananijibu kwa neno moja moja. Chakula. Maji. Sijui. Nikadhani ni majonzi. Akaanza kulala kwa mama mdogo wake siku nikiwa safarini, kisha na siku nikiwepo. Nikawa naamka ndani ya nyumba tuliyoitafuta wote wawili, niko peke yangu, naangalia bati nililoliziba.

Ukuta wa magharibi ulikuwa umebakiza kipande cha mwisho, kuanzia dirisha hadi pembeni. Nikasema nikimalize, labda akiona nyumba imekamilika atarudi. Nikapiga saruji yangu vizuri kama siku zote.

Mvua kubwa ya kwanza ya masika ilishuka Ijumaa mchana. Nilikuwa mlangoni. Nilisikia kitu kama mtu anakunjua turubai, nikazunguka nyuma, nikakuta kipande changu chote kimebanduka kwa pamoja, kimelala chini kama mkeka, na tofali zinachuruzika. Upande wa pili wa dirisha ukuta ulikuwa umesimama, maji yanateleza juu yake kama kwenye jani la mgomba. Mtu yule yule, saruji ile ile. Kemia ikanishinda.

Nikakimbia ndani kuondoa magunia ya maharage yasilowe. Lile la mwisho, la kwenye kona ambako taa haifiki, lilikuwa juu ya kichanja, limeegemea ukuta tangu tuhamie chumba kile. Nikalivuta. Nyuma yake, usawa wa bega langu, kulikuwa na alama ya mkono kwenye udongo uliokauka. Mtu aliteleza akajishikiza, au alisahau kusawazisha. Vidole vinne vizima, na cha shahada kimeishia katikati.

Nilikaa juu ya gunia. Mvua iliisha nikiwa hapo.

Nilikwenda kwa mama mdogo nikiwa na matope mpaka magotini, nikamwambia Kabula, "Nimeuona mkono wa mayu." Hakuuliza mkono gani. Alilia kwanza, kisha akasema yote kwa mara moja, kama mtu anayemwaga gunia. Kwamba saruji haishiki tofali bichi. Kwamba kila nilipoondoka ulivuka kijito, ukabandua kazi yangu, ukasiriba upya kwa udongo wa kichuguu uliochekechwa, samadi ya ng'ombe na majivu, umelazwa siku tatu umefunikwa. Juu ukapaka majivu ili niendelee kuona saruji. Kwamba ulimwapisha asiseme, ukamwambia, "Mwache aone kazi yake, mwanaume anajifunza."

Sikujifunza, mayu. Nilipiga picha nikawatumia watu.

Nilikwenda kwa baba mkwe nimeandaa maneno ya kuomba radhi. Nikaanza kumweleza, akanikatiza. "Najua. Kwani unadhani maji yalikuwa yanabebwa na nani?"

Udongo wa Jumanne ile ulikuwa wa kipande changu cha mwisho, uliutangulia kuuandaa hata kabla sijakipiga saruji. Hilo siwezi kulizunguka. Daktari amesema alichosema, na mimi najua ndoo ile ilikuwa inaelekea wapi.

Kabula amerudi nyumbani. Tulichimba pamoja kwenye kichuguu kile kile. Niliogopa kupiga jembe la kwanza, akapiga yeye. Tukachekecha, tukakanyaga kwa miguu, tukafunika siku tatu, na jioni ya pili alinirushia tope shavuni, kwa hiyo nadhani ananisemesha. Kipande kimeisha. Kimejaa mabonde. Baba Yustina alikuja akakizunguka, akasema, "Hii sasa ni yako kweli, fundi. Inaonekana." Masika imekaribia kuisha na ukuta upo.

Ulikuja kwetu mara tatu mchana, mara zote ukakaa nje kwenye mkeka chini ya upenu, ukakataa hata maji. Nikasema huyu mama hataijua nyumba yetu. Kumbe hakuna chumba ambacho hukukipitia kwa viganja.

Nikuage, mayu. Nakuahidi haya: kabla ya kila masika nitachimba udongo mwenyewe, na atakayesifu ukuta nitamwambia ni wa nani, hata kama ni katikati ya gulio. Kona ile haitasiribwa tena. Magunia nimeyahamishia upande wa pili.

Nikirudi safari naweka helmeti chini, naingia chumba kile kabla ya kunywa maji. Kabula ananisikia, ananimiminia maji. Nasimama mbele ya mkono wako, nasema shikamoo, na macho siyashushi.

Mwanao wa Murusagamba