Hina Kwenye Mkono wa Wawira

Kiritiri,
Jumatano jioni.

Mama yangu,

Assalamu alaikum, na shikamoo kutoka huku kwenye vumbi. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeiweka kabatini iwe pambo? Nakujua. Na paa la chumba cha nyuma, yule mpangaji amelirekebisha au bado anaahidi? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio umekuwa juu juu.

Atakayekusomea ni Halima. Basi Halima, mdogo wangu, soma yote na usiruke mahali. Kesho ni soko la mbuzi, na vijana wa Mjomba Salimu watakuja kununua mbuzi wa bucha kama kawaida. Watarudi Majengo na habari kwamba Zainabu ameonekana kanisani, mbele kabisa, akiombewa. Mjomba ataitia chumvi na pilipili, unamjua ndugu yako. Lakini habari yenyewe ni ya kweli, mama. Ndiyo maana nampa barua hii dereva anayeondoka alfajiri, iwatangulie.

Yote yameanzia kwenye ile hina uliyonitumia ya Idi. Sikulaumu, wala usianze kujilaumu. Nilijipaka mikono yote miwili nikaenda kufundisha, na wasichana wakaniganda. Unajua darasa langu la sanaa lina watoto wa kila namna: Wambeere wa hapa, Wakamba wa ng'ambo ya mto, hata binti mmoja Mborana ambaye baba yake ni askari. Kila wiki tunachukua urembo wa watu fulani, tunauchora, tunaulizana umetoka wapi. Wiki ya vibuyu, wiki ya shanga, wiki ya milango ya pwani. Siku hiyo karatasi zilikuwa zimekwisha. Nikasema haya, leo ni wiki ya kwetu Majengo, leteni viganja.

Wa kwanza kuleta kiganja alikuwa Wawira. Huyu yuko kidato cha nne, na mkono wake ni mwepesi kuliko wangu, sisemi kwa unyenyekevu. Kazi yake ya mtihani ni kibuyu anachokichora kwa msumari wa moto, na ilibaki kidogo tu ikusanywe. Nilimuuliza anataka maua gani. Akasema hataki maua, anataka mchoro wa kibuyu cha nyanya yake, mama wa baba yake. Akanichorea ubaoni kwa chaki anavyoukumbuka, ukanipendeza sana. Nikamchorea, na kucha nikampaka.

Kesho yake hakuja. Siku ya tatu akaja baba yake, Mzee Njeru, amevaa koti la kanisani katikati ya wiki. Mama, siku hizi ukifungua redio ni waabudu shetani, ukienda sokoni ni waabudu shetani, na kila shule inasemekana imeingiliwa. Sasa mtu ana mwalimu wa dini nyingine, na binti amerudi nyumbani na alama mkononi ambayo haitoki. Wewe ungefikiri nini?

"Mwalimu," akasema mbele ya mwalimu mkuu, "hiyo kitu tumeosha na sabuni, tumeosha na majivu, tumeosha na mafuta ya taa. Haitoki. Ni kitu gani hiyo haitoki?"

Nikamweleza kuwa ni majani tu yaliyosagwa. Hakusikia. Ndipo nikafikiri nimepata dawa. Nikamwambia, "Mzee, huo mchoro si wangu. Ni wa kibuyu cha mama yako mzazi."

Laiti ningenyamaza. Uso wake ulibadilika nikaogopa.

"Hiyo vibuyu nilichoma mimi mwenyewe siku niliokoka," akasema. "Hiyo mambo ya mizimu ndiyo tulitoka kwayo. Wewe unarudisha mtoto wangu huko?"

Akasema Wawira hatakanyaga shule mpaka nije kanisani Jumapili, niombewe mbele ya watu wote. La sivyo atakwenda kwa ofisa wa elimu, na wazazi wengine nyuma yake. Alipoondoka, mwalimu mkuu akanishika bega. "Nenda tu, Zainabu. Ni maombi, hayaumi." Nikamjibu kwa ukali kwamba mimi si mgonjwa na sina pepo. Nilikasirika, mama. Miaka minne nimefundisha watoto wa watu hawa. Nilirudi chumbani nikateremsha sanduku juu ya kabati nikaanza kukunja nguo. Ningekuwa kwako wiki hiyo hiyo, tunakunywa chai.

Kilichonizuia ni mama Wawira. Alinikuta sokoni, nikadhani amekuja kunitukana. Alisimama karibu yangu akijifanya anachagua mbaazi, akasema bila kuniangalia, "Nimesugua huyo mtoto na jiwe mpaka ngozi ikatoka. Akalia. Ikatoka damu, damu kama ya mtu yeyote. Nikaacha." Halafu akauliza, "Ile kibuyu yake ya mtihani, imefika wapi?"

Nikamwambia imebaki shingo tu. Akaitikia kwa kichwa akaenda zake. Nami nikarudi nikaondoa nguo sandukuni.

Basi Jumapili nilikwenda. Nilijifunga mtandio vizuri. Nilipoitwa mbele nilisimama, sikupiga magoti, na mchungaji hakunilazimisha. Ni mtu mpole. Wawira alikuwa benchi la mbele, mkono umefungwa kitambaa, macho chini. Mchungaji akanimiminia mafuta viganjani, akaomba kwa muda mrefu, watu wakaitikia kwa sauti. Kisha akanipangusa kwa taulo jeupe.

Taulo likabaki jeupe. Hina ikabaki palepale.

Mchungaji aliangalia taulo, akaangalia mikono yangu, na nikaona hajui la kufanya. Mzee Njeru akasimama. "Mnaona? Hata mafuta ya Bwana imeshindwa." Wanaume wawili walikuwa wameshasogea mlangoni. Nilikuwa naupima ule mlango kwa macho.

Ndipo mama Wawira akainuka upande wa wanawake. Akanyoosha mikono yake juu, vidole vyeusi tii.

"Mimi nikimenya ndizi mbichi za kutoka Embu nakaa hivi wiki mzima," akasema. "Sabuni haitoi. Na hakuna mtu amewahi kuniita mbele aniombee."

Mwanamke mmoja akacheka, kisha mwingine, kisha upande wote. Mchungaji naye akacheka, nafikiri kwa kushukuru. Akamwambia mama Wawira, kwa kuwa umesimama, tuombee basi. Mzee Njeru alitoka nje. Mpaka leo hanisalimii, na pengine hatanisalimia.

Lakini Jumatatu Wawira alikuwa darasani kabla yangu. Kiganja bado kina vidonda, anashika msumari kwa kitambaa. Ile hina imebaki kwenye kucha tu. Leo asubuhi amemaliza shingo ya kibuyu, na kesho kazi zinachukuliwa.

Nisalimie mama mkwe wa Halima, na yule jirani anayetuuzia maziwa, na wapangaji wote, hata huyo wa paa. Mjomba Salimu mwambie namwamkia, na asubiri nimweleze mwenyewe nikija likizo.

Najua swali utakalouliza, nalo Mjomba atalitangulia. Mama Wawira alipoomba hakuomba juu ya mikono yangu. Aliomba mtoto wake apone mkono na amalize kazi yake. Alipomaliza nilisema amina, kwa sauti, na kila mtu akanisikia. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie kwa hilo. Ningesema tena.

Mwanao anayekuombea afya,
Zainabu